Sarafu za tembo chini ya lupango: pesa za zamani za Kasenyi zilitoka wapi?

Wasikilizaji wetu wa Kasenyi, na ninyi ndugu mlioko kwenye kambi za wahamishwa au ng'ambo ya ziwa huko Uganda, mmetuuliza mara nyingi swali hili: watu wanaopita na mashine ya kutafuta chuma kwenye malupango wanatafuta nini, na wakitoa sarafu, ni za nani? Nianze na sarafu zenyewe, maana asiyezijua hudanganywa kwa urahisi.

Kijana wa Ituri mwenye miaka 25 hajawahi kununua chumvi kwa sarafu ya Kongo. Franka yetu ya leo ilianza mwaka 1998, nasi tunaitumia kwa karatasi tu. Ndiyo maana kipande cha chuma chenye nyota au tembo kikitoka udongoni, vijana wanafikiri ni mali ya mfalme.

Za kwanza kabisa ni za mwaka 1887, wakati wa Dola Huru ya Kongo ya Leopold II. Zile ndogo zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati na nyota, na kubwa zilikuwa za fedha zenye kichwa cha huyo mfalme. Lakini kuwepo kwa sarafu si sawa na kutumika. Kwenye mto Kongo watu waliendelea miaka mingi kulipwa kwa nguo, chumvi na mitako, yaani nyaya nene za shaba. Aliyeingiza franka katika kila nyumba ni mtoza kodi. Tangu mwaka 1910 Wabelgiji walitaka kodi ya kichwa ilipwe kwa pesa, na mwanaume asiyekuwa nayo alilazimika kwenda kuitafuta kwa kazi: machimbo ya Kilo-Moto, barabara, mashamba ya wazungu. Zile sarafu zenye tundu mababu walizifunga kwa kamba. Kwa hiyo kamba ikioza udongoni, zinakutwa kadhaa pamoja, na mtu anapiga kelele kwamba amepata hazina. Huenda ni kodi ya mwaka mmoja ya mtu mmoja.

Kasenyi ina jambo lake la pekee, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Leo tunaijua kwa samaki, lakini zamani ilikuwa mlango wa Ituri. Mizigo iliyoshuka Mombasa ilipanda treni hadi Uganda, ikafika bandari ya Butiaba, ikavuka Ziwa Albert kwa meli hadi Kasenyi, kisha ikapanda mlima kwa lori kuelekea Bunia na Irumu. Meli maarufu zaidi iliitwa Robert Coryndon, na wazee wa pande zote mbili za ziwa bado wanalitaja jina hilo. Mahali ambapo watu wanavuka, pesa nazo zinavuka. Msishangae basi mkiona katika udongo wa Kasenyi shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, yenye simba na milima nyuma yake, au senti 10 yenye tundu na pembe za ndovu. Hiyo si sarafu ya Kongo, wala si ya Waarabu kama wengine wanavyosema. Ni ya mvuvi au mchuuzi aliyeuza samaki wake Butiaba akarudi nyumbani na chenji.

Sarafu ya tembo nayo ina habari yake. Mwaka 1943 Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, haikuweza kutengeneza pesa za koloni lake. Ikabidi franka 2 za Kongo zitengenezwe Philadelphia, Marekani, zikiwa na pembe sita na tembo upande mmoja. Zilitengenezwa milioni 25. Rudia hesabu hiyo kabla ya kumwamini anayekuambia kwamba moja tu itakujengea nyumba ya mabati. Zenye thamani ya kweli ni zile za fedha za Leopold, na ile ya franka 50 ya mwaka 1944, nayo ya fedha na yenye tembo. Anayejua tofauti hiyo ni mnunuzi, na kwa kawaida hakuambii.

Baada ya uhuru zikaja za Mobutu. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua mahali pa franka 1,000, ikiwa sawa na dola mbili za Marekani. Chini yake kulikuwa na makuta 100, na chini ya likuta kulikuwa na sengi. Sarafu hizo zilikufa, maneno yakabaki: mpaka leo tunasema "sina makuta", na asiye na kitu kabisa hana hata sengi. Thamani iliporomoka hivi: zaire mpya ya mwaka 1993 ilikuwa zaire za zamani milioni 3, na franka ya 1998 ikawa zaire mpya 100,000. Piga hesabu, franka moja ni zaire za zamani bilioni 300.

Ila kilichowafundisha wazee wetu kuogopa ni Krismasi ya mwaka 1979. Serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifai tena, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa mbali na benki walibaki na karatasi. Ukitaka kujua kwa nini bibi yako alificha mali yake kwa namna nyingine, anzia hapo.

Sasa mashine. Inatuma nguvu ya sumaku ardhini, na chuma chochote kinaijibu. Kitu kidogo kama sarafu inakiona kwenye kina cha kiganja kimoja au viwili, si zaidi sana. Noti haizioni kamwe. Lakini kopo la maziwa ambamo familia iliyokimbia imeficha dola zake, sufuria, cherehani iliyozikwa haraka usiku, hivyo vyote inavilia. Inalia pia juu ya misumari ya jeneza, na wengi wetu tumezika watu wetu ndani ya lupango. Inalia juu ya chuma kilichomo ndani ya jiwe la mpaka, na jiwe hilo likishang'olewa, mtakaporudi mtaanza kesi na jirani. Na kubwa kuliko yote, baada ya vita vya 1999 hadi 2003 na vilivyofuata, inaweza kulia juu ya kombora ambalo halikulipuka. Mashine haitofautishi bomu na tembo wa franka 2. Anayechimba kwa jembe kufuata ule mlio anacheza na miguu yake, na ya watoto wanaosimama kumtazama.

Kwa maoni yangu, anayeingia lupango la mtu aliyekimbia hatafuti historia. Anaiba. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na kuna wanaoitumia kama kisingizio, wakisema kwamba basi hata kilichomo ni cha yeyote. Sivyo. Aliye na haki ya kukaa pale ndiye wa kuombwa ruhusa, awe yupo au yuko kambini. Na tangu mwaka 1971 nchi ina sheria nyingine ya kulinda vitu vya kale.

Mlio kambini, mwambieni jirani aliyebaki awapigie simu akiona mtu na mashine, na amjulishe shefu siku hiyo hiyo. Mliobaki, mkikuta sarafu wakati wa kulima, msiisugue kwa mchanga, maana alama zitafutika. Ipigeni picha pande zote mbili. Andikeni ilipatikana wapi, karibu na mwembe upi, nyumba ya nani. Kitu kigeni cha chuma kizito msikiguse. Wekeni matawi kukizunguka, fukuzeni watoto, mkaite wenye mamlaka.