Kauli ya Wananchi Kati ya Ligula na Mitengo: Ushiriki wa Jamii Katika Mabadiliko ya Huduma za Hospitali Mtwara

Mwananchi wa pwani ya Mtwara amezoea kushirikishwa masuala ya afya kwa mikono yake. Kijiji huombwa mchanga, mawe na nguvukazi, boma la zahanati likapanda hadi kwenye linta, kisha serikali ikaahidi kupaua na kumalizia. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, uliegemea sana utaratibu huo. Hoja ya makala haya ni kwamba kadiri huduma inavyopanda ngazi, ndivyo mwananchi huyo anavyopoteza kauli.

Kwenye zahanati kuna kamati ya usimamizi wa kituo yenye wajumbe kutoka kijijini, na tangu fedha zianze kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kamati hiyo ina kitu cha kujadili. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mtwara, Ligula, ni habari nyingine. Novemba 2017 Rais John Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa ziondolewe Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) na kuwekwa chini ya Wizara ya Afya. Sababu za kitaalamu zilikuwapo: kusambaza madaktari bingwa na kusimamia dawa kutoka sehemu moja. Lakini diwani anayepigiwa simu usiku kwamba wodi haina daktari hana tena kikao cha kumbana mganga mfawidhi. Hospitali ina bodi ya ushauri, na jina lenyewe linajieleza: inashauri.

Juu ya Ligula sasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, ambayo ujenzi wake ulichukua zaidi ya muongo mmoja. Ilianza kupokea wagonjwa 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Septemba 2023. Ni faida kubwa, wala sioni mantiki ya kuibeza: kwa miaka mingi mgonjwa wa Newala au Tandahimba aliyehitaji bingwa alisafirishwa hadi Muhimbili, zaidi ya kilometa 500, na ndugu wa kumuuguza akatafuta pa kulala Dar es Salaam.

Tatizo huanza pale huduma inapohama kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi yake ilitambuliwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Haikuvuka hapo. Tuchukue mjamzito wa Msimbati ambaye mumewe alilipia kadi wakati wa malipo ya korosho. Kipimo chake kikifanyika Ligula, kadi inafanya kazi. Kikihamishiwa Mitengo, atatoa fedha mkononi, na huenda ni mwezi Juni, msimu wa korosho bado haujafika. Ongeza nauli ya bajaji kutoka mjini. Kwenye makaratasi ya wizara huo ni mgawanyo wa majukumu kati ya ngazi mbili. Kwa kaya hiyo ni huduma iliyoondolewa.

Mtwara inajua gharama ya uamuzi unaowafikia watu ukiwa umekwisha kufanywa. Desemba 2012 wananchi waliandamana kupinga gesi asilia ya Mtwara kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mei 22, 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipowasilishwa bungeni, vurugu zilizuka, watu wakapoteza maisha, jeshi likaingia mitaani. Bomba lilijengwa hata hivyo. Wapo waliosema watu wa kusini walipotoshwa na wanasiasa. Maelezo hayo ni mepesi mno. Maswali kuhusu ajira, bandari na viwanda yalikuwa ya msingi, ila hayakuwa na kikao cha kuyapokea mapema.

Itasemwa kwamba mkutano wa hadhara hauwezi kuamua mahali pa kuweka mashine ya CT-Scan. Kweli. Unaweza, hata hivyo, kueleza nani atashindwa kuifikia, na hilo halimo kwenye ripoti ya mtaalamu wa mionzi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatoa nafasi ya kurekebisha kasoro ya kadi, mradi vitita vya mafao vijadiliwe na walipaji wenyewe. Mabaraza ya madiwani ya Mtwara yadai jambo moja tu kwa maandishi: huduma yoyote isihamishwe kati ya Ligula na Mitengo kabla tangazo halijabandikwa kwenye ofisi za kata na majibu ya wananchi hayajasomwa mbele ya baraza.