Mfumo wa Taarifa za Kijiji (Indonesia)

Mfumo wa taarifa za kijiji, kwa Kiindonesia *sistem informasi desa*, ni programu ya kwenye kivinjari ambayo ofisi ya kijiji huitumia kutunza daftari la wakazi, kutoa barua na kutangaza habari zake. Shirika la Combine Resource Institution la Yogyakarta lilianza kuutengeneza mwaka 2009 pamoja na kijiji cha Balerante, wilayani Klaten, kwenye mteremko wa volkano Merapi. Huko, kujua nani anakaa nyumba ipi si suala la makaratasi tu: mlima huo ulipolipuka mwaka 2010 uliua watu zaidi ya 300.

Kifungu cha 86 cha Sheria ya Vijiji Na. 6 ya 2014 kilivipa vijiji haki ya kupata taarifa kupitia mfumo wa namna hii, na kuitaka serikali ya wilaya iujenge. Hata hivyo, vijiji vingi vimechagua OpenSID, programu huria iliyozaliwa na ile ya Combine. Imeandikwa kwa PHP, data zake hukaa kwenye MySQL, na kuipakua ni bure.

Moyo wa mfumo ni NIK, namba ya mkazi yenye tarakimu 16. Sita za kwanza hutaja eneo, sita zinazofuata tarehe ya kuzaliwa, nne za mwisho ni za mfuatano. Kwa mwanamke, siku huongezwa 40: aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1990 huandikwa 450390, hivyo karani mzoefu hunasa kosa la jinsia kwa kutupa jicho tu. Mtu akija kuomba barua ya makazi, karani huingiza namba hiyo, programu hujaza jina na anwani na kuipa barua namba ya kumbukumbu. Kilichobaki ni saini ya mkuu wa kijiji na mhuri.

Tatizo ni kwamba daftari la kisheria la raia liko kwingine, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtoto akizaliwa au mzee akifariki, daftari la kijiji halijirekebishi lenyewe. Hesabu za fedha nazo zina programu yake, Siskeudes, na wasifu wa kijiji una Prodeskel, kwa hiyo karani yuleyule huchapa mambo yaleyale mara tatu. Akihama, tovuti ya kijiji hubaki na matangazo ya mwaka juzi.