Lebo ya Stradivari haitoshi kuthibitisha asili ya chelo

KARATASI yenye jina la Antonio Stradivari iliyobandikwa ndani ya chelo si uthibitisho kwamba fundi huyo maarufu wa Italia ndiye aliyeitengeneza.

Chelo ni ala ya nyuzi nne inayofanana na fidla lakini kubwa zaidi, ambayo mpigaji huishikilia kati ya magoti akiwa ameketi.

Stradivari alifariki dunia mjini Cremona mwaka 1737, na chelo zake zilizosalia zinakadiriwa kuwa 60 hivi. Katika karne ya 19, viwanda vya Ujerumani na Ufaransa vilitengeneza ala nyingi za bei nafuu na kuzibandika lebo zenye jina lake.

Ili kubaini ukweli, wataalamu huanza kwa kuchunguza kazi ya mikono: kichwa kilichochongwa mithili ya konokono, mkato wa matundu ya sauti na vanishi. Ukubwa nao ni ushahidi. Chelo za mwanzo za Stradivari zilikuwa kubwa, na nyingi zilipunguzwa baadaye, hivyo alama za kukatwa hutafutwa.

Hatua ya pili ni kupima pete za ukuaji wa mti katika ubao wa mbele na kuzilinganisha na za miti ya milima ya Alps ambayo umri wake unajulikana. Pete ya mwisho ikiwa ya mwaka 1760, ubao huo haukuchongwa na Stradivari. Hata hivyo, ikiwa ya mwaka 1680, jina la fundi bado halijathibitika, kwani mafundi wengine nao walitumia mbao za milima hiyo.

Pengo hilo huzibwa na historia ya umiliki, yaani hati za mauzo, vyeti na picha za zamani.

Mfano ni chelo ya mwaka 1684 iitwayo General Kyd, kwa jina la aliyeipeleka Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Aprili 2004 iliibwa mjini Los Angeles, Marekani, ikiwa mali ya okestra ya mji huo. Mwanamke aliyeiokota karibu na pipa la taka alifikiria igeuzwe kabati la kutunzia CD.

Ilirejeshwa mwezi uliofuata. Thamani yake ilitajwa kuwa dola milioni 3.5 za Marekani, kwa kuwa historia yake ilikuwa ikijulikana. Ala isiyo na kumbukumbu kama hizo, hata iwe na sauti nzuri kiasi gani, haiwezi kudai bei hiyo.