Sungura, Vibwengo na Picha Zao

Mazungumzo ya leo ni historia, walakini si historia ya wafalme. Ni habari ya sungura, kima, vibwengo na viumbe wengine wa mwituni: jinsi walivyotoka vinywani mwa wazee wakaingia vitabuni, na jinsi walivyopata sura ya kuonekana kwa macho.

Jambo lililonitia katika habari hii lilitukia Mchukwi, upande wa Kibiti. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaojifunza ualimu, na kila mwaka huwafuata katika shule wanakofanya mazoezi. Siku moja naliketi nyuma ya darasa la nne, kijana wangu akawaambia watoto wachore sungura. Watoto wakainama juu ya madaftari yao. Nilipopita kutazama nikaona sungura wengi, na karibu wote ni mmoja: mnene, amesimama kwa miguu miwili, amevaa koti, na mkononi ameshika karoti. Nikamwuliza mtoto mmoja, "Umepata kumwona sungura?"

Akasema, "Ndiyo, mwalimu. Babu alimnasa mmoja shambani mwa mihogo."

"Naye alikuwa amevaa koti?"

Darasa zima likacheka, naye akacheka. "Hapana, mwalimu. Yule alikuwa sungura wa kweli. Huyu ni sungura wa kuchora."

Jibu hilo lilinikaa moyoni siku nyingi. Sungura wa kuchora! Nikaona yafaa nimtafute ametoka wapi.

Ukimfuata nyayo zake hutafika mbali kabla ya kukutana na bibi mmoja wa Uingereza, jina lake Beatrix Potter. Mwaka 1902 alitoa kitabu kidogo chenye hadithi na picha za sungura aitwaye Peter, mwenye koti la buluu, aingiaye bustanini mwa mzee McGregor kula mboga zake. Kitabu hicho kilienea duniani kote. Wala msidhani ya kuwa Bi Potter alikuwa mtu wa kubuni ovyo. Alifuga sungura nyumbani mwake, akawatazama wanavyolala na wanavyokula, na uyoga wa mwituni aliuchora kwa ustadi mkubwa. Sungura wake ni wa kwao, wale wachimbao mashimo na kukaa chini ya ardhi. Sungura wetu hachimbi shimo. Hulala juu ya nchi, katika majani, na miguu yake ni mirefu kwa kuwa maisha yake yote ni mbio. Basi Bi Potter hana kosa lo lote. Alichora alichokiona kwao. Sisi ndio tulioichukua picha yake tukadhani ni picha ya kila sungura.

Walakini sungura wetu alikuwa amekwisha kuingia kitabuni kabla ya huyo Peter, tena kwa miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1864 padre Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, katika kazi ya misioni. Alipokuwa akijifunza lugha aliwaketisha watu wa Unguja wamsimulie hadithi zao, naye akaandika. Mwaka 1870 hadithi hizo zilipigwa chapa London, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna Sultani Darai na paa wake, mna Goso mwalimu, mna kima na papa. Steere baadaye alifanywa askofu, akafa Unguja mwaka 1882, na sisi waalimu twamkumbuka zaidi kwa sarufi yake. Kwa maoni yangu kitabu hiki cha hadithi ndicho chenye uhai zaidi, kwa sababu ndani yake sauti ya msimulizi bado husikika. Lakini hakina picha. Ni maneno matupu.

Na hadithi ya Goso huwafurahisha sana wanafunzi wangu, labda kwa kuwa aliyekufa ni mwalimu. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda juu kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakaanza kumtafuta mwuaji. Wakaukamata upepo wa kusi, ukajitetea: kama mimi ni hodari, ningezuiwa na kiambaza? Wakakiendea kiambaza, nacho kikawapeleka kwa panya akitoboaye. Kesi ikaendelea hivyo kutoka mmoja hata mwingine, hata ikamfikia paa, naye hakuwa na la kusema.

Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwaka 1901, kitabu kingine kilitokea, na safari hii katika mji wa Chicago, Marekani. Mwenye kukiandika aliitwa George Bateman, naye alizitia kwa Kiingereza hadithi za Unguja, nyingi zikiwa zile zile za Steere. Safari hii palikuwa na picha, zilizochorwa na Walter Bobbett. Majina ya wanyama yaliachwa kwa Kiswahili, ila yaliandikwa kwa namna ya kumsaidia Mmarekani kuyatamka, hata sungura akawa "Soongoora", kama aliyevutwa masikio. Hebu zitazameni tarehe hizo mbili. Peter alitolewa dukani mwaka 1902, na sungura wa Unguja amechorwa kitabuni mwaka mmoja kabla yake. Lakini mtoto wa Mchukwi leo amjua nani?

Mle mna hadithi ya asali, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa njia moja au nyingine. Sungura aliona asali katika mbuyu, akamwalika Buku waende wakaile. Walipokuwa juu, mwenye mbuyu akaja, naye ni Simba. Sungura akamnong'oneza Buku amfunge ndani ya majani makavu, amwambie Simba anatupa majani. Yakatupwa chini, Sungura akatoka mbio. Buku aliposhuka akashikwa, akaulizwa mwenziwe ni nani. Maskini, akasema kweli, lakini kweli yake haikumwokoa. Na huyu Buku ndiye panya mkubwa tumjuaye sote, aibaye karanga mashambani. Siku hizi, pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya hawa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wamepelekwa katika nchi nyingi kwa kazi hiyo. Msimulizi wa Unguja aliyemfanya Buku kuwa mjinga angestaajabu sana.

Nimesema hadithi hizi ni zetu. Hapa nataka kusita kidogo, kwa maana mtu akichunguza ataona kwamba hadithi haina uraia. Mtazameni kima na papa. Kima akaa juu ya mkuyu, ufukoni, amrushia papa matunda. Papa amkaribisha kwao, na katikati ya bahari amwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima amjibu kwamba makima huacha mioyo yao juu ya miti, basi warudi wakautwae. Hadithi hii yasimuliwa pwani nzima kama iliyozaliwa hapa. Lakini katika India imo ndani ya kitabu cha kale sana kiitwacho Panchatantra, na mle adui wa kima ni mamba, na mti ni mzambarau. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaiandika kwa Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, na mle mamba amekuwa kasa, na mti umekuwa mtini. Ilipofika pwani yetu, kasa akageuka papa, na mtini ukawa mkuyu. Kila nchi iliipokea hadithi ile ile, ikawaondoa wanyama wa wageni, ikawaweka wa kwake. Hakuna aliyewaambia wazee wetu wafanye hivyo. Walifanya kwa kuwa mtoto asiyejua mzambarau alihitaji mti anaoujua. Nadhani hapo nalipata jibu la sungura mwenye koti: maneno tulikwisha kuyahamisha zamani, picha bado.

Sasa niseme neno juu ya vibwengo na mashetani. Waingereza nao wana viumbe wao wadogo wa mwituni, wenye mabawa kama ya vipepeo, na wachoraji wao wamewachora kwa uzuri sana. Uzuri huo uliwahi kumpoteza hata mtu mwenye elimu. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley, wasichana wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walipiga picha za viumbe hao wakicheza karibu na kijito. Mtungaji mashuhuri Arthur Conan Doyle aliziamini, akaandika habari zake katika gazeti mwaka 1920. Wasichana wale walinyamaza hata uzee wao. Mwaka 1983 wakakiri kwamba vilikuwa vikaratasi tu, vilivyochorwa kwa kuiga kitabu, vikakatwa, vikasimamishwa kwa pini za kofia.

Kwetu Rufiji mambo hayakuwa ya kuchezea hivyo. Si mbali sana na Mchukwi, kule Ngarambe, mwaka 1904 Kinjikitile alisemekana kushikwa na pepo Hongo, akaingia katika maji ya kilindi, na alipotoka nguo zake zilikuwa kavu. Maji yake ndiyo yaliyowaunganisha watu wa makabila mengi katika vita ya Maji Maji. Wajerumani wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa imeanza siku chache tu kabla. Hakuna aliyekuwa na picha ya Hongo, wala hakuna aliyeihitaji. Ndiyo maana wazee wa upande wetu, wakitaja pepo wa maji au wa msitu, hupunguza sauti. Mimi siwacheki. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo hawezi kumchora pepo akining'inia juu ya ua la kunde.

Na hata hivyo walipata kuchorwa, na waliowapa sura walitoka kusini. Katika miaka ya 1950 Mmakonde Samaki Likankoa alichonga kwa mpingo umbo lisilokuwa la mtu wala la mnyama, na mfanya biashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akalipenda, akataka mengine. Hivyo vikaanza kuenea vinyago vinavyoitwa mashetani: jicho moja kubwa, sikio lililogeuka mkono, mdomo wa kushangaa. Baada yake akaja George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 wilaya ya Masasi. Katika miaka ya 1970 alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na kutoka huko akawa mchongaji na mchoraji. Mashetani wake wana masikio makubwa na matumbo ya mviringo, wanacheka, wanacheza, wanagombana kama majirani kisimani. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005.

Wanyama nao walikuwa na mtu wao. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 huko Oysterbay, juu ya mbao laini za kujengea, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Chui wake hakuvaa koti. Ni madoadoa na macho tu, naye amejaa ubao mzima. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, akafa akiwa na miaka minne tu ya kazi hiyo. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika.

Kwa hiyo picha zetu zipo. Huzuni yangu ni kwamba picha hizo zimewafikia wageni zaidi ya wenyewe. Barabara itokayo kusini hupita Kibiti, na wachoraji na wachongaji wengi wamepita hapo kwenda mjini, lakini katika shule nizitembeleazo ni nadra kuona ubao wao hata mmoja ukutani. Nalisema hili na wakubwa wangu, wakaniambia hakuna fungu la fedha. Basi.

Nirudi Mchukwi. Wiki ile nalikwenda kumwamkia bibi mmoja jirani ya shule. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba aje darasani awasimulie watoto. Akakataa. Hadithi hazisimuliwi mchana, asema, waleteni jioni. Wakaja jioni, wakaketi juu ya majamvi, naye akawasimulia mwisho wa kisa cha asali: jinsi Simba alivyokwenda kujificha nyumbani mwa Sungura, na Sungura aliporudi akaona nyayo. Basi akasimama mbali akaiamkia nyumba yake. Nyumba kimya. Akaiamkia tena, akasema kwa sauti kwamba ni ajabu, kila siku humwitikia. Simba aliyekuwa ndani akadhani ndiyo desturi, akaitika.

Kesho yake kijana wangu akawaambia wachore, bila kusema wachore nini. Makoti yalipungua, ijapokuwa hayakwisha. Yule mtoto wa shamba la mihogo alichora nyumba ya udongo yenye paa la makuti, mlango umefungwa, na juu ya makuti ameweka masikio mawili ya mviringo. Mbali sana, pembeni mwa karatasi, palikuwa na kitu kidogo chenye miguu mirefu.

Nikamwuliza, "Mbona nyumba ina masikio?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, Simba si yumo ndani?"