Kidole Husafiri Kabla Yako

Ukitaka kuwachekesha wakimbizi wa Kampala, waulize wamewekwa kidole kwenye mashine mara ngapi. Jumamosi tunapokaa pamoja hapa Ntinda, swali hilo linaleta kelele. Mmoja anahesabu ile ya kwanza Old Kampala, mwingine uhakiki wa 2018, mwingine mahojiano ya kwenda Marekani. Tunacheka, sawa. Lakini kuna swali linalofuata, na hilo ndilo linaninyima usingizi: hivyo vidole viko wapi sasa hivi, na vinafanya kazi gani? Ili nipate jibu ilibidi nirudi nyuma sana, kabla kompyuta haijazaliwa.

Mwaka 1858, huko Bengal, India, ofisa Mwingereza aitwaye William Herschel alifanya mkataba wa vifaa vya barabara na mtu wa huko, Rajyadhar Konai. Sahihi peke yake haikumtosha. Alimpaka Konai wino kiganjani, akakibandika kwenye karatasi. Baadaye Herschel mwenyewe alieleza kwamba alitaka kumtia hofu ili asije akaukana mkataba. Wakati ule sayansi ya kulinganisha alama haikuwepo, hofu ilitosha. Kufika 1897 kulikuwa na ofisi nzima ya alama za vidole Calcutta. Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walifanya kazi kubwa ya kuzipanga, ila sifa ilimwendea mkubwa wao, Edward Henry. Polisi wa London waliupokea utaratibu huo 1901. Yaani serikali ya Waingereza ilijifunza kwanza kwa watu iliowatawala, ndipo ikaupeleka kwao.

Afrika Mashariki tunalo neno letu: kipande. Huko Kenya sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa 1915, ikaanza kubana kweli baada ya Vita vya Kwanza. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kutembea na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, ikavaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachia, basi wewe ni mtoro, polisi wakutafute. Kipande kilikuwa moja ya mambo aliyoyapinga Harry Thuku. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Karatasi iliitwa ya kumtambua mtu. Kazi yake ilikuwa kumfunga mtu kwa bwana wake.

Sasa tuje kwetu. Mapema 2018 zilitokea tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi Uganda imeongezwa. Kuanzia Machi hadi Oktoba, Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM, pamoja na UNHCR, wakatupitisha upya: vidole, mboni za macho, picha. Ilikuwa inasemwa tuko kama milioni 1.4, waliothibitishwa wakawa karibu milioni 1.1. Niseme ukweli, mashine ilisaidia. Si rahisi tena mtu kuchukua mgao kwa jina la mwingine, na mama aliyepoteza karatasi njiani anaweza kutambuliwa kwa macho yake. Lakini foleni ile haikuwa na mlango wa kukataa. Ukikataa hauko kwenye orodha, na usipokuwa kwenye orodha, chakula na ulinzi utaulizia wapi?

Tatizo linakuja pale alama iliyotolewa kwa shughuli moja inapofanya shughuli nyingine. Nenda Garissa, Kenya. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa 1991, na katika miaka ya njaa iliyofuata, Wakenya wenye asili ya Kisomali walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula. Watoto wao nao waliandikwa. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha nchi yao, mashine ikasema: huyu mkimbizi. Maelfu walikaa miaka bila kitambulisho, na bila hicho hakuna kazi ya halali wala akaunti benki. Walitoa kidole kwa ajili ya unga, kikawanyima uraia.

Au sikia ya Warohingya walioko Bangladesh. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilitoa ripoti kwamba taarifa zao zilizokusanywa kambini zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuulizwa. Wakimbizi waliohojiwa wengi walisema hawakuelewa hivyo. Mimi nimewahi kutafsiri kwenye meza kama hizo. Najua tofauti kati ya kuulizwa na kuelewa.

Sisi wa Kampala tuna sura yetu ya hadithi hii. Mwaka 2019 UNHCR ilianza kupeleka alama za watu iliowapendekeza kwenda Marekani kwa idara ya usalama wa ndani ya huko. Hifadhi yao inaitwa IDENT, na kumbukumbu zake huweza kukaa miaka 75. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu walikuwa wameshauza vitanda, wameshaaga. Wako hapahapa hadi leo. Vidole vyao vilishafika. Wenyewe wamebaki Ntinda, Nsambya, Katwe.

Hata waliovuka, habari haijaisha. Mtoto wa dada yangu aliyeko Ohio alinipigia: "Tonton, hapa eapoti kuna mstari wa haraka. Unalipa, unatoa vidole, hupangi foleni. Nijiandikishe?" Nikamwambia asikie kwanza kisa cha kampuni iliyoendesha mistari ya namna hiyo kwa jina la Clear. Juni 2009 ilifunga ghafla kwa kukosa pesa. Wateja wakabaki wanajiuliza: alama zetu za vidole na picha za macho yetu, sasa ni mali ya nani? Jina hilo lilifufuliwa 2010 na wenye mali wengine. Na serikali nayo si sanduku la chuma. Marekani wana OPM yao, ofisi ya watumishi wa serikali. Mwaka 2015 ilikiri kwamba wadukuzi wameiba alama za vidole za watu milioni 5.6. Neno la siri likiibwa unabadilisha. Kidole utabadilisha na nini?

Jibu nililompa ndilo nawapa ninyi, ndugu zangu: kuna meza mbili, tusizichanganye. Meza ya kwanza ni ya lazima: usajili wa ukimbizi, uhamiaji, mpaka. Pale unatoa, lakini mdomo haujafungwa. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinachukuliwa kwa kazi gani, kuomba kuziona, na kudai zisahihishwe. Omba maelezo kwa lugha unayoielewa kabla ya kubonyeza, si baada. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa ni sawa, maana kosa dogo likifungwa na kidole linakufuata miaka.

Meza ya pili ni ya hiari. Mstari wa haraka ni wa hiari. Foleni ya kawaida ya ukaguzi haikuombi kidole. Kwenye ukaguzi wa usalama wa safari za ndani Marekani, hata kamera ya uso unaweza kuikataa kwa adabu, ukakaguliwa kitambulisho kwa macho. Kwenye meza hii uliza: nani mwingine atapewa? Itakaa miaka mingapi? Nikijitoa, inafutwa? Kampuni ikifa, je? Kijana akipima akaona faida inazidi, ajiandikishe, ila asiseme hakuulizwa.

Wazee wa kipande walau walikiona, kilikuwa kinaning'inia kifuani. Chetu hakionekani. Ndiyo maana naomba kila familia iwe na daftari. Andikeni tarehe, ofisi, kilichochukuliwa, sababu mliyoambiwa, na jina la aliyetafsiri. Ofisi zote zina kumbukumbu juu yetu. Na sisi tuwe na yetu.