Glaistig, mlinzi wa ng'ombe wa Uskoti

Katika nyanda za juu za Uskoti, wasemaji wa Kigaeli walimjua pepo wa kike aliyeitwa glaistig. Mara nyingi alisimuliwa kuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye uso wa kijivu na nywele za manjano zilizomfika visiginoni, amevaa nguo ya kijani, rangi ya majini wa huko. Masimulizi mengine humpa kiwiliwili cha mtu na miguu ya mbuzi, na mengine humgeuza mbuzi kamili. Ilisemekana zamani alikuwa binadamu, bibi mwenye nyumba, kabla ya kurogwa na kuingizwa katika ukoo wa majini.

Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda mifugo. Jioni, baada ya kukamua, wanawake walimmiminia maziwa kwenye jiwe lililobonyea katikati. Ujira mdogo kwa mlinzi wa usiku kucha. Aliyesahau aliamka akakuta ng'ombe wameingia shambani, au mmoja amekufa. Lakini penye vivuko vya mito na njia za upweke alikuwa mwingine kabisa, akiwavizia wasafiri.

Mengi yanayojulikana juu yake yaliandikwa na John Gregorson Campbell, mchungaji wa kanisa katika kisiwa cha Tiree tangu 1861 hadi kifo chake mwaka 1891. Kitabu chake kilitoka 1900. Kufikia hapo, wakulima wengi walikuwa wamekwisha kufukuzwa na wenye ardhi ili kupisha kondoo, na malisho ya kiangazi, ambako glaistig alilinda ng'ombe, yalikuwa yamebaki matupu.