Wana wa Tanga Waliovuka Mpaka

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo. Dar es Salaam walizisoma habari hizo gazetini. Nyangoto na vijiji vingine vya Nyamongo, mkoani Mara karibu na mpaka, walizipokea kama habari za ukoo, maana Wakurya wako pande zote mbili za mstari ule, na ng'ombe wa mahari hawakuwahi kuulizwa uraia. Sirari, mji wa mpakani, haikukaa mbali na watu hao. Iliyokaa mbali ni ruhusa ya kupita. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Redio haikufungika. Katika miaka hiyo Sauti ya Kenya ilikuwa ikirusha nyimbo za vijana Watanzania waliokuwa wakirekodi Nairobi kwa Kiswahili laini cha pwani. Majina ya bendi zao yalikuwa na neno moja la pamoja: Wanyika. Simba Wanyika, Les Wanyika, baadaye Super Wanyika.

Chanzo chao ni Tanga, mji wa bandari, reli na mkonge. Mashamba ya mkonge yalivuta vibarua kutoka bara, Wanyamwezi wakiwa wengi, na vibarua hawaji na majembe tu. Bendi iliyokuja kuitwa Jamhuri Jazz ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi. Ilishindana na Atomic Jazz ya hapohapo Tanga, na ushindani huo ulikuwa shule kuliko shule. Desturi ya bendi kubeba jina la walikotoka watu wake ilikuwa kubwa zama hizo: Dar es Salaam kulikuwa na Western Jazz ya watu wa magharibi, Kilwa Jazz na Rufiji Jazz, kana kwamba kila mkoa ulihitaji ubalozi wake wa dansi mjini.

Ndani ya Jamhuri Jazz walipitia ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Mwaka 1970 walihamia Arusha wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kuingia Kenya, na huko ndiko jina la Simba Wanyika lilikozaliwa. Ndugu yao William naye alikuwa nao.

Kwa nini Nairobi? Wengi husema tamaa ya jiji. Mimi naona sababu ni santuri. Tanzania ya Azimio la Arusha iliwapa wanamuziki wengi ajira kwenye bendi za mashirika, jeshi na polisi, na Redio Tanzania iliwarekodi kwa wingi. Lakini kanda ya redio ilichezwa hewani, haikuuzwa dukani. Kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwepo nchini. Nairobi kulikuwa na studio, viwanda, wafanyabiashara wa River Road, na kumbi zilizolipa kila wiki. Hata Mbaraka Mwinshehe, nyota wa dansi wa Tanzania ambaye hakuna mtu angemwita Mkenya, alirekodi nyimbo zake kubwa huko, na ajali iliyomuua Januari 1979 ilimkuta Mombasa.

Mwishoni mwa 1978 Simba Wanyika ilipasuka. Mpiga ridhimu Omari Shabani, aliyeitwa Profesa, aliondoka pamoja na mpiga besi Tom Malanga na mpiga dramu Rashid Juma, wakamchukua John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Tanzania. Wakajiita Les Wanyika, kwa "Les" ya Kifaransa iliyokuwa fasheni kwa sababu ya Wakongo. Wimbo wao "Sina Makosa" uliwapa jina Afrika Mashariki nzima. Ni malumbano ya wanaume wawili juu ya mwanamke asiye wa yeyote kati yao, huku kila mmoja akiwa na wake nyumbani, jambo ambalo mhubiri asingelipenda na ambalo kila baa ililielewa.

Watu huukumbuka kwa sauti. Mimi ningependa ukumbukwe kwa gitaa la pili. Sikiliza jinsi besi ya Malanga inavyotembea bila haraka na kuacha mianya, na jinsi ridhimu ya Omari inavyoingia katika mianya hiyo kwa mkwanyuo uleule, tena na tena, bila kuchosha. Wakongo wa wakati ule walikimbilia sebene, sehemu ya kasi ya wimbo; hawa walikaa palepale wakachimba. Ni dhana yangu tu, lakini nadhani mtu aliyekulia Nyamongo alikuwa na sikio lililokwisha kuandaliwa kwa hilo. Iritungu, kinubi kikubwa cha Wakurya, hufanya kazi kwa njia hiyo: nyuzi hurudia mzunguko mfupi mzito wakati mwimbaji anasifu, anasuta au anasimulia ya ukoo. Kiswahili cha Tanga kilikuwa kigeni kwa wazee wengi wa Nyangoto. Mzunguko ule haukuwa mgeni.

Si hawa peke yao walioimba wakiwa ugenini. Miaka hiyohiyo, mbali kabisa kaskazini, Watuareg waliokimbia ukame na vita nchini Mali walikuwa wakikutana Tamanrasset, mji wa jangwani kusini mwa Algeria. Mwaka 1979 huhesabiwa kuwa mwanzo wa kundi lao, Tinariwen, likiongozwa na Ibrahim Ag Alhabib. Nyimbo zao zilienea kwa kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono, na mwaka 2012 albamu yao Tassili ikapata tuzo ya Grammy. Wao waliimba uhamisho wenyewe. Wana wa Tanga, waliokwama nao upande wa pili wa mpaka uliofungwa, waliimba mapenzi, deni na usaliti wa nyumba ya pili. Sioni kuwa huo ulikuwa upungufu. Mtu aliye ugenini kwa ajili ya mkate hana deni la kuimba siasa, na wenyeji wake huenda wasimvumilie akifanya hivyo.

Mwaka 1981 Issa Juma, mwimbaji aliyepitia Les Wanyika, akaanzisha Super Wanyika, na wimbo wake "Sigalame" ukapigwa kila mahali. Simba Wanyika ilifika Ulaya, na albamu yao Pepea ilitoka huko 1992. George Kinyonga alifariki mwaka huohuo, Wilson 1995, Omari Shabani 1998.

Leo Nyangoto inajulikana kwa dhahabu ya mgodi wa North Mara, na wageni wanaokuja kuitafuta huleta singeli na Bongo Fleva. Bado baa ikitaka kuwapendeza watu wazima hupiga Wanyika. Kenya huziweka bendi hizi katika historia ya muziki wake, na ina haki: studio, pesa na kumbi zilikuwa zake. Tanzania huzitia kwenye kapu la zilipendwa bila kueleza kwamba wapigaji walikuwa wake na kwamba waliondoka kwa sababu hapakuwa na santuri ya kuuza. Historia ya dansi ya Tanzania iliyoandikwa kwa kufuata mashirika yaliyomiliki vyombo haitawapata kamwe, kwa kuwa hakuna shirika lililowamiliki.